Kitanda cha Mzee Vuai

Mpo? Kama mpo, sogeeni.

Palikuwa na Mzee Vuai, fundi wa kuwamba vitanda vya kamba. Mji mzima ulilalia kazi yake. Yeye alilalia mkeka. Alipokaribia kutimiza miaka sabini, binti yake Mize akaenda kwenye ghala la Zimwi, mkononi ana yai moja tu la kubadilishana.

"Nataka zawadi ya baba."

"Chukua joho, unipe mwaka mmoja wa umri wake."

"Hapana."

"Bakora ya fedha, miaka miwili."

"Hapana!"

"Kamba isiyolegea kamwe, miaka mitatu."

Mize akageuka aondoke. Ndipo akaona kitanda cha Zimwi kimebonyea kama mtumbwi.

"Babu, unalala hapo?"

"Sijalala miaka mia!"

Mize akakiwamba upya, kama baba alivyomfunza. Zimwi akajinyoosha, akapiga mwayo. "Chukua kamba, mjukuu wangu. Umri wa baba yako siutaki..." Akakoroma.

Mize akarudi nyumbani, akawamba kitanda kwa kamba ile, akampa baba yake, naye akakilalia. Asubuhi jua likapanda, mzee kimya. Mize akamtikisa.

Mzee akafumbua jicho moja. "Kumbe mji mzima hulala hivi, na hakuna aliyeniambia! Nifunike, mwanangu."

Ngano yangu nimeitandika. Atakaye na ajilaze.