Matanga ya Taka za Jemadari Nyati

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa?

Tumekaa!

Basi aliyekalia mguu wa mwenzake aondoke, nianze.

Hapo kale Jemadari Nyati alikuwa akitengeneza mabomu. Mabomu yakabakiza taka, mapipa kwa mapipa. Hazitoi moshi, hazinuki, lakini nyasi zilizo karibu zinanyauka, na swala akilala hapo anaamka hana manyoya. Na hazipoi! Leo zina joto, kesho zina joto.

Siku moja akayabingirisha mapipa mpaka kwa Bi Fuko, guru, guru, guru.

"Bibi, toka! Shimo lako nalitaka, nitupe taka."

Bi Fuko akageuka kulitazama shimo lake. Shimo lenyewe fupi, liko kando ya chemchemi wanayokunywa wanyama wote, na ndani wamelala wanawe, hata macho hawajafumbua. Lakini akatabasamu, maskini, akajipangusa udongo puani.

"Karibu, mwanangu. Ila kwa nini uhangaike na kishimo changu? Chini kabisa ya kile kilima kikavu kuna chumvi. Chimba, ulambe ushibe, shimo litakalobaki utie taka zako."

"Chumvi?" Ulimi ukamtoka. Mnamjua Nyati kwa chumvi, hasikii la mtu.

Akachimba kwa pembe, chimbu, chimbu!

"Bibi, nimefika?"

"Onja."

"Udongo!"

"Chimba, mwanangu."

Chimbu, chimbu!

"Bibi, nimefika?"

"Onja."

"Mawe!"

"Chimba, mwanangu."

Chimbu, chimbu! Sasa sauti yake inasikika kama ya mbu.

"Bibiii! Chumvi!"

Akalamba mpaka tumbo likawa ndi! Akayateremsha mapipa yote kule chini, akafukia, akashindilia kwa kwato.

"Haya bibi, kwaheri. Nakwenda kutengeneza mabomu mengine."

Bi Fuko akaangua kilio. "Uuuwi! Jamani, msiba!"

Wanyama wakaja mbio na mikeka yao.

"Kazikwa nani?"

"Taka za Jemadari! Zimezikwa bado zina joto!"

"Pole, Jemadari. Pole sana."

"Tangu lini taka zikakaliwa matanga?" Nyati akafoka.

"Kwetu sisi tunaoishi chini," akasema Bi Fuko, "kilichozikwa na joto lake, aliyekizika hukaa matanga mpaka kipoe. Ukiondoka, nani atakuja kukuzika wewe?"

Nyati akawatazama wote wale na mikeka yao. Aibu ikamshika, akaketi. Na aliye matangani haendi vitani, wala hatengenezi bomu.

Kila asubuhi anauliza, "Bibi, zimepoa?"

Bi Fuko anatega sikio chini. "Bado, mwanangu. Kunywa uji."

Nyati akauzoea uji. Akawazoea na watoto wa Fuko, wakawa wanateleza shingoni mwake siku nzima, naye anajifanya kukasirika. Siku Fisi alipokuja na jembe kutafuta chumvi, Nyati ndiye aliyemzuia njiani.

"Rudi nyumbani, ndugu yangu. Hapa nina msiba."

Funzo ni nini, wanangu? Ukitengeneza taka usizoweza kuzipoza, wala usijali! Tafuta jirani mdogo, ukamtupie mlangoni. Utapata uji wa bure maisha yako yote.

Hadithi yangu naifukia hapo. Mwenye usingizi alale, mwenye njaa akachungulie chunguni.