Bi Kindi na Nyumba ya Kukunjwa

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na nyumba, jiko na wivu kama sisi tu, kulikuwa na Sikukuu ya Mapambo kila baada ya mavuno. Siku hiyo kila mmoja alipita mbele ya wenzake kuonyesha alivyopendeza. Pundamilia na milia yake, Kanga na madoadoa yake, Tausi na mkia wake anaouburuta kwa madaha.

Na kila mwaka Jumbe Tembo alijenga ukumbi mpya. Mnamjua Tembo? Kwake kitu kisipokuwa kikubwa si kitu. Alikata miti mlimani, akasimamisha magogo, akakandika udongo. Sikukuu ikiisha, ukumbi unaachiwa mchwa! Mwaka mwingine, miti mingine.

Afadhali hata kumbi zenyewe zingefaa. Twiga alipita ameinama mpaka shingo ikamuuma. Kobe alishindwa kuruka kizingiti, akaisikiliza sikukuu akiwa nje. Ndani joto kama tanuri, Tausi akazimia mara mbili. Na mlima, wanangu, mlima ulibaki kipara. Mti mkubwa uliosalia ulikuwa mkuyu mmoja tu, na ndani ya pango la mkuyu huo aliishi Bi Kindi na watoto wake.

Asubuhi moja Bi Kindi anawasugua watoto masikio, akasikia ko! ko! ko! Akachungulia. Kumbe ni Kiboko, msaidizi wa Jumbe, anachonga alama kwenye shina kwa shoka.

"We Kiboko! Unafanya nini kwenye nyumba ya watu?"

"Nyumba?" Kiboko akacheka. "Hii ni nguzo ya ukumbi. Hamisha vitoto vyako, kesho tunaangusha."

Bi Kindi damu ikamchemka. Hata mimi ninayesimulia inanichemka! Mtu anakuja kubomoa kwako, na bado anakucheka? Alishuka mbio mbio mpaka barazani kwa Tembo.

"Hodi! Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Sema upesi, nina kazi."

"Ndiyo hiyo kazi yako iliyonileta! Umemaliza mlima mzima kwa sherehe za siku moja moja. Wanangu watalala wapi? Na mwakani utakata nini, nyasi?"

Tembo akapiga masikio, pwa! pwa! "Ukumbi bila magogo ni kibanda cha kuku."

"Basi nitakujengea mimi, bila kukata hata mti mmoja. Ukiwapendeza wageni, mkuyu usiguswe."

"Usipowapendeza?"

"Mtaukata, na kamba nitawashikia mwenyewe."

Tembo alicheka mpaka machozi. "Haya, nimekubali! Tuone kidole hicho chako kitajenga nini."

Bi Kindi akaingia kazini. Alisuka ukindu akapata mikeka mipana. Alisokota kamba mpaka vidole vikachubuka. Akachukua mianzi michache, maana mwanzi ukikatwa huchipua tena. Kisha vyote akavitundika kwenye matawi ya mkuyu, ukiwa hai na majani yake.

Nyumba gani hiyo! Vuta kamba hii, paa linapanda, Twiga anapita kichwa juu. Vuta ile, kuta zinajiviringa, upepo unaingia. Njia ya mapambo ilianzia chini kabisa, hata Kobe aliipanda taratibu bila kusukumwa. Igeuze mianzi, njia inakuwa meza za karamu. Sherehe zikiisha, kunja kila kitu, weka juu ya tawi mpaka siku ya harusi, au ya soko, au ya msiba.

Kamba zote alizikutanisha kwenye fundo moja shinani. Ndiyo ilikuwa mila ya mafundi wa nchi ile. Fundi hufunga fundo lake, na mapambo yakiisha hulifungua mwenyewe mbele ya wageni ili karamu ianze. Fundo la Tembo miaka yote lilikuwa kamba moja ya mlango tu. Anaivuta kwa mkonga, kwisha.

Bi Kindi alipomaliza kulifunga la kwake, alitazama upande wa baraza la Tembo, akaongeza mzunguko mmoja. Ahadi ya Jumbe haikumkaa sawa moyoni.

Sikukuu ikafika. Mlio wa ngoma, pu-tu! pu-tu! Twiga akapita shingo wima, vigelegele vikapasua anga. Tausi akapepewa na upepo wala hakuzimia. Kobe akapita, akageuka, akapita tena, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Jamani!" Twiga akauliza. "Fundi wa nyumba hii ni nani?"

Kabla Bi Kindi hajafungua mdomo, Tembo akasimama. "Ni mimi! Nimeiwaza mwenyewe, nimeijenga mwenyewe!"

"Kweli kabisa, Jumbe!" Kiboko akadakia.

"Na kesho naukata mkuyu huu, nipate kiti kinene cha kukalia humu ndani!"

Mmesikia hayo? Akate mti unaobeba nyumba, halafu akae ndani ya nyumba! Na jasho la mwenzake analinywa mchana kweupe bila haya! Bi Kindi akatazama juu, akawaona wanawe wanachungulia pangoni. Akatabasamu.

"Wageni, mmesikia wenyewe. Fundi ni Jumbe, na msaidizi wake ni Kiboko. Basi walifungue fundo, tule."

Kiboko akanong'ona, "Jumbe, unalijua hilo fundo?"

"Kamba ni kamba! Shika, vuta!"

Wakavuta kwa nguvu zao zote. Fyuuu! Paa likashuka, mikeka ikawaviringa, kamba zikawazunguka, puu! Wakalala chini wamefungwa kama mzigo wa kuni, mkonga unaonekana huku, mdomo wa Kiboko kule.

"Loo!" akasema Kobe. "Vazi la mwaka ndilo hilo."

Wageni wakaangua kicheko. Tembo akajinyoosha, kamba zikambana. Akajinyoosha tena, zikambana zaidi.

"Mwiteni fundi atufungue!"

"Fundi si wewe?" Twiga akamuuliza.

Kiboko akaanza kulia.

"Ni... ni Bi Kindi," Tembo akasema chini chini.

"Masikio yangu ni madogo, Jumbe, sijasikia," akasema Bi Kindi.

"FUNDI NI BI KINDI!"

"Na mkuyu?"

"Hautaguswa! Leo wala kesho, wala na wajukuu zangu!"

Wageni wote wakawa mashahidi. Bi Kindi akaingiza kidole kimoja kwenye fundo, tuk! Kamba zikalegea, paa likapanda, njia ikawa meza. Shoka la Kiboko wakalitundika langoni likawa kengele ya kuwaitia wageni, na mpaka leo Kiboko akisikia likilia ngwee! hujizamisha majini.

Jasho la mwenzio usijivike: nyumba utaiiba, lakini fundo lake hutaliweza.