Jogoo wa Wakili

Tajiri Khelef alipenda kulala mpaka jua liwe kali, basi alikwenda mahakamani akapata zuio la muda: jogoo wa jirani yake, Bi Siwema, afunikwe tenga asiwike mpaka kesi isikilizwe. Bi Siwema akaweka wakili, na zuio likatenguliwa.

“Khelef, mrudishie gharama za wakili,” hakimu akaamuru. “Bibi, ulimlipa nini?”

“Nilimpa jogoo yuleyule, mheshimiwa.”

Khelef almanusura apige vigelegele. Kumbe adui yake keshakuwa mchuzi! “Namlipa jogoo leo hii!”

Sokoni akawawikia majogoo mmoja mmoja, watu wakimshangaa, hadi akapata mmoja asiyejibu kabisa. Bi Siwema akampokea kwa shukrani nyingi.

Alfajiri majogoo wawili wakawika kwa pamoja chini ya dirisha la Khelef. Akatoka mbio na shuka kiunoni.

“Wakili si alimla yule wa kwanza?”

“Amle kwa nini, bwana? Anakaa ghorofani, hana pa kufugia, kaniomba nimtunzie.”

“Na huyu wangu? Alikuwa bubu!”

“Maskini, alikuwa hajapata mwalimu.”