Saa ya Wapanda Milima

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Waliosema hivyo hawakutaka kuchekesha watu. Walimwona mtu aliyejifunika kwa cha mwenzake, upepo ukavuma, akabaki tupu mbele ya wale wale aliotaka wamsifu. Kisa cha Ahmad wa Berea kinatosha kuwa ushahidi.

Ahmad ni mwana wa Tabia, mwanamke wa Tanga aliyemlea peke yake hapa Johannesburg katika chumba cha kupanga. Alipokua alipata kazi Sandton, katika duka la kutengeneza saa, akiwapelekea wateja saa zao zikishapona. Alipendana na Fauzia, binti wa Mzee Muhammad wa Doornfontein, wakawa kama chanda na pete. Ikabaki posa tu.

Siku ya posa, Ahmad alipotoka nyuma ya pazia, Tabia alimsogelea. Mkononi mwa mwanawe iling'aa saa ambayo hajapata kuiona. Majina ya miji ya dunia yaliuzunguka uso wake, kila mji na saa yake, na katikati pamechorwa mlima wenye theluji.

"Ahmad, umeitoa wapi hii?"

"Eish, mama! Wewe kila kitu wasiwasi. Wakwe hutazama mkono kwanza. Twende, tunachelewa."

Tabia alijua mshahara wa mwanawe haununui hata mkanda wa saa ile. Lakini posa haiendewi kwa ugomvi. Akalishika sinia lake la zawadi, wakaondoka na wazee wawili wa msikitini waliosimama mahali pa wajomba.

Kwa Mzee Muhammad, saa ikawa gumzo.

"Haya, Tanga tuko wapi humu?" aliuliza Bi Shufaa, mama yake Fauzia, naye mtu wa Tanga.

"Tanga haimo, mama."

"Loo! Dunia nzima imepanda, sisi tumeachwa kituoni!"

Watu wakacheka. Mzee Muhammad akasogea. "Na huu mlima je?"

Ahmad akaumuka kama andazi. "Hii ni saa ya wapanda milima, baba. Haijui baridi wala maji."

"Ni yako?"

"Yangu, baba. Jasho langu."

Tabia akainamisha uso, akajishughulisha na kikombe cha kahawa.

Alasiri ikaadhiniwa. "Tukatie udhu," alisema mzee, "tuswali kwanza, maneno ya heri yafuate." Bomba lilikuwa nje kwenye ujia, likitumiwa na wapangaji wote wa ghorofa ile.

"Vua saa, mwanangu, maji yafike kwenye ngozi," mzee alimwambia.

Ahmad alikitazama kibao cha kuwekea vitu, akawatazama wapangaji wanaopita. Aiache pale? Thubutu! Akalegeza mkanda tu, akafungulia maji, akasugua chini yake hadi kiwiko.

"Theluji haikuiweza, baba, itakuwa maji ya bomba?"

Kioo kikaingia ukungu. Tone likateleza juu ya ule mlima, mshale wa sekunde ukatetema, ukasimama. Ahmad alipiga ukelele uliowatoa watu vyumbani.

"Mungu wangu! Saa ya watu!"

Mzee Muhammad akalifunga bomba.

"Ya watu gani?" mzee aliuliza polepole.

Hapo yote yakamwagika. Saa ilikuwa ya mteja. Ahmad aliichukua kwenye droo ya duka akidhani imeshapona, kumbe fundi ameutoa mpira unaozuia maji, akaifunga kwa muda tu akisubiri mpira mpya.

"Kijana, ufukara si aibu," alisema Mzee Muhammad. "Huyu Shufaa nilimwoa sina hata viatu. Ungekuja mkono mtupu, ningekupa binti yangu. Lakini umenitazama machoni ukaniambia ni jasho lako."

Fauzia alichungulia mlangoni, akamtazama Ahmad kama mtu asiyemjua, akafunga mlango. Sinia likarudishwa vile vile, kitambaa chake hakijafunuliwa. Jumatatu, kazi nayo ikaenda.

Hadi leo Ahmad humuuliza mama yake, "Uliiona saa, mama. Mbona hukunizuia?" Wazazi wenzangu, ulizeni mpaka mjibiwe, hata kama mtachelewa kwa wakwe, kwani nguo ya kuazima haisitiri matako.