Mgeni wa Mwisho kwenye Kamba

Sogeeni. Wewe uliye mlangoni, ingia ufunge, baridi isije ikakaa nasi. Zimeni hivyo vinavyolialia mifukoni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, amalize. Hadithi ya leo haitaki kelele, maana ndani yake mna mtu analia, na mkipiga makelele hamtamsikia. Mkishaisikia, mpelekeeni na mwingine, hasa yule anayesifiwa na wageni.

Haya. Palikuwa na mwanamume mmoja akiitwa Kundaeli, aliyeishi chini ya mlima mrefu wenye barafu kichwani. Kazi yake ilikuwa kupandisha watu. Walikuja kutoka ng'ambo na fimbo zao na miwani yao mieusi, naye akawaongoza mpaka kileleni, akawarudisha wakiwa wazima. Viongozi wenzake wote walikuwa wamewahi kuteremsha mtu kwenye machela. Yeye bado. Si kwamba alikuwa na dawa. Alikuwa na kamba.

Ilikuwa kamba ya katani, aliachiwa na baba yake. Kila jioni kambini, kabla ya chakula, aliinyoosha chini, akawaambia wageni wavue viatu na kuitembea mmoja mmoja, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kama watoto wanaocheza. Mlima ukishamshika mtu kichwani kwa uhaba wa hewa, mdomo wake unaweza kuficha, lakini miguu haiwezi. Atayumba tu. Na aliyekanyaga nje ya kamba, asubuhi aliteremka, awe tajiri, awe askari, alie asilie.

"Usinichukie mimi," Kundaeli alikuwa akiwaambia. "Mimi sirudishi mtu. Kamba ndiyo inayorudisha."

Sasa, huyu Kundaeli alikuwa na mke, Eliaichi. Watu walimwita Mama Aikande, kwa jina la binti yao. Mwanamke wa mzaha, mwepesi wa kucheka, hata msibani ilibidi akae nyuma. Aliuza ndizi mbivu na maparachichi pale getini, safari zinapoanzia. Kila mgeni alimpita akipanda, akampita tena akishuka, pua imebabuka na macho yanang'aa, naye akamuuliza, "Huko juu kukoje?" Walimkumbatia tu, wakaenda zao.

Jioni akamwambia mumewe, "Baba Aikande, na mimi nipeleke nikaone."

"Mlima unakimbilia wapi, mama? Si huo hapo nyuma ya banda la ng'ombe? Ngoja msimu wa wageni upungue."

Msimu ukipungua, migomba ilitaka samadi. Samadi ikiisha, ikawa kipaimara cha Aikande. Kisha Aikande akaolewa. Kisha paa likavuja. Mvi zikamwingia Eliaichi, na mlima ukawa bado uko pale pale, nyuma ya banda.

Mwaka mmoja wakaja wageni wa namna nyingine. Hawa hawakutoka ng'ambo. Walikuwa Waafrika wenzetu, akina mama peke yao, waliojiapiza kupanda milima ya bara lao wenyewe kabla magoti hayajakataa. Walikwisha kupanda ile ya Uganda yenye matope na ukungu, na ile ya Uhabeshi ambako nyani wana manyoya kama makoti. Mkubwa wao alikuwa Chilufya, muuza vitenge wa Lubumbashi, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi.

Chilufya akasimama kununua ndizi.

"Mama, wewe umefika juu mara ngapi?"

"Mimi? Mimi huishia hapa kwenye ndizi."

"Na bwana yako ni nani?"

"Huyo hapo, anayefunga mizigo yenu."

Chilufya akageuka, akamtazama Kundaeli kuanzia kofia mpaka viatu. "Ee baba! Dunia nzima umeipandisha huko juu, na mama ya nyumba umemwacha na ndizi?"

Wapagazi walicheka mpaka mmoja akaangusha sufuria. Kundaeli naye alicheka, lakini masikio yalimwaka moto.

"Sikiliza," Chilufya akasema. "Mwenzetu mmoja ameugua, amebaki nyumbani. Nafasi yake iko, koti lake liko, viatu vyake viko. Mama anakuja na sisi. Na si mpishi. Ni mgeni."

Eliaichi akavaa viatu vya mtu asiyemjua, akajaza soksi mbele vilipompwaya. Ndizi akamwachia jirani. "Mtu akiniulizia, mwambie nimesafiri," alisema, akacheka, maana neno hilo hakuwahi kulisema maishani mwake.

Ajabu ya siku zile! Kundaeli alimwona mkewe akishika gome la kila mti msituni kana kwamba anasalimia ndugu. Alimwona akitoka juu ya msitu, akageuka nyuma, akaiona migomba yote ya kijiji chao imekuwa kama kiraka kimoja cha kijani. "Baba Aikande! Banda letu liko wapi? Ndilo lile? Mbona tunaishi padogo hivi!" Kundaeli moyoni akajilaumu, akasema, nimechelewa nini kumleta huyu?

Jioni ya kwanza, wageni walipotembea kwenye kamba, Eliaichi alikuwa hemani kwa mpishi anamenya viazi. Mazoea. Chilufya akamfuata akamvuta mkono. "Mgeni hamenyi viazi! Kesho nakutaka mstarini na sisi."

Jioni iliyofuata walilala juu sana, mahali pa mawe matupu, upepo unakata. Kundaeli akanyoosha kamba. Akina mama wakapita mmoja mmoja, wengine wakitetemeka, wote wakapita. Ikaja zamu ya Chilufya. Akaweka mguu wa kwanza, wa pili, akayumba kama mlevi, akakanyaga nje.

"Rudia," Kundaeli akamwambia.

Akarudia. Akakanyaga nje tena.

"Huu ni unene wangu, baba, si mlima! Mimi sokoni natembea juu ya ubao wa mtaro na mzigo kichwani!"

"Asubuhi utateremka, mama. Mpagazi atakushindikiza."

"Wewe huna moyo! Bibi yako umemnyima miaka yote, na mimi leo unaninyima!"

Akakimbilia hemani mwake akilia kwa sauti, na wenzake wakamfuata kumbembeleza. Kundaeli akainama akaanza kukunja kamba. Maneno yale yalikuwa yamemchoma. Alipoinua macho, alimwona Eliaichi amesimama pale mwanzo wa kamba, viatu mkononi, miguu mitupu kwenye changarawe ya baridi.

"Unafanya nini wewe? Vaa viatu, utapata kichomi!"

"Zamu yangu."

"Zamu ya nini, Mama Aikande? Wewe si wa kupimwa. Umezaliwa hapa, umekulia hapa, mlima huu utakufanya nini? Nenda kale, chakula kinapoa."

Eliaichi akacheka. Alichelewa kidogo kucheka, si kama kawaida yake. Akavaa viatu, akaenda.

Palipokucha Chilufya aliteremka pasipo kuaga mtu. Waliobaki wakaendelea kupanda. Eliaichi alikuwa wa nyuma, na Kundaeli, ambaye kila mara hutangulia, siku hiyo alirudi nyuma kutembea naye.

"Baba Aikande, leo naona mko wawili," mkewe akamwambia. "Nikifika nyumbani nimpikie yupi?"

Wote wakacheka. Kundaeli ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mbele kidogo tena, "Kiongozi, samahani, naomba nikae kidogo." Mkewe alisema hivyo kwa adabu, kama wageni wanavyosema. Kundaeli akaona ni mzaha mwingine. "Kaa, mgeni wangu," akamjibu, na akampa maji.

Maji yakamwagikia kotini. Eliaichi akataka kujifungua koti, vidole vikakitafuta kifungo visikione. Akautazama ule mkono wake kama wa mtu mwingine. Hapo Kundaeli akajua. Alijua yote kwa mara moja, akaita wapagazi walete machela.

Machela ya kwanza ya maisha yake aliibeba yeye, upande wa kichwa, akakataa kupokezana. Wapagazi walikimbia kwenye mawe kama walio kwenye tambarare. Wakavuka jangwa la mawe, wakavuka majani marefu. Aliendelea kumwita, "Mama Aikande, Mama Aikande," naye mwanzoni aliitika, kisha alikuwa akiitika kwa kichwa, kisha basi. Alifariki pale ambapo miti ya kwanza huanza, ambapo siku mbili nyuma alikuwa amesimama akicheka udogo wa banda lao.

Msibani walijaa watu. Chilufya naye alikuwepo, hakuwa amerudi kwao. Baada ya mazishi alimfuata Kundaeli nyuma ya nyumba, akapiga magoti mbele yake, yeye mtu mzima na mwili wake ule.

"Baba, unisamehe. Nilikutukana. Nilipofika huku chini kichwa kilinitulia, nikajua umeniokoa. Nimebaki nikushukuru, na sasa nakuta msiba."

"Inuka, mama. Huna kosa."

"Lakini niko na swali moja, linaninyima usingizi. Mama Aikande alipitaje kwenye ile kamba?"

Kundaeli akamshika mkono kumwinua.

"Kwa sababu siku ile mstarini alikuwa nyuma yangu. Akaninong'oneza, dada, kichwa kinanipasuka tangu mchana, na chakula kinanikataa. Nikamwambia, mwambie bwana yako. Akasema, 'Kwa mdomo siwezi. Nimemwomba miaka mingi anilete. Nitaanzaje leo kumwambia nimeshindwa? Ngoja anipime. Akiona miguu yangu, atanirudisha, nami sitaona haya, maana hivyo ndivyo anavyowafanyia wageni wake wote.' Asubuhi sikumwona akiteremka nami, nikasema, basi mlima umemwachia. Nikamfurahia. Sasa niambie, baba. Alipitaje?"

Watu wanasema Kundaeli alirudi nyuma hatua moja. Akajishika mgomba. Chilufya akamtazama, na pole pole naye akaelewa, akaacha kuuliza. Akaondoka kinyumenyume, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

Kundaeli hakupanda tena. Kazi ya mlima na kamba yake vilirithiwa na mpwa wake, Ndelilio, naye hupima kila mtu, hata mpishi, hata yeye mwenyewe mbele ya wapagazi. Aikande alirithi ng'ombe wa mama yake na meza ya getini, ila hauzi ndizi. Anauza vitunguu, ndizi zinamshinda kuzishika. Khanga nzuri ya Eliaichi, ile ya kanisani, alipewa Chilufya, akaenda nayo Lubumbashi. Makucha, jirani mwenye shamba la chini, aliachiwa sehemu ya migomba aliyokuwa akiililia siku zote, na hakuifurahia.

Na Kundaeli alirithi kitanda kizima. Mpaka leo hulala ukutani, upande wake ule ule mwembamba.

Funzo: Uangalifu unaowapa wageni, wape kwanza wa nyumbani kwako, aliye karibu nawe naye huchoka, naye huumwa, naye husubiri zamu yake aulizwe hali, na akikosa wa kumuuliza, hutabasamu tu akaendelea kupanda.