Chungu cha Kura cha Nchi ya Tindi

Paukwa!

Pakawa!

Wale wa nyuma wanaotafuna mihogo, nanyi itikieni. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, wanyama na watu walipokuwa wakisemezana bila mkalimani, palikuwa na nchi tatu kando ya mto mmoja. Luvumo ilikuwa kubwa, Kindo ilikuwa ya kati, na Tindi ilikuwa ndogo. Ilikuwa ndogo hasa! Mtu akipiga chafya upande huu, wa upande ule wanamwombea afya.

Nchi hizo zilikuwa zimeungana. Nani aliziunganisha? Babu zao. Kwa nini? Hapo pana maneno. Wengine husema ni kwa sababu ya chui, wengine husema ni kwa sababu ya chumvi, na wengine husema babu zao siku hiyo walikuwa wamelewa. Msiniulize mimi. Nasimulia nilivyosimuliwa.

Lililojulikana ni hili. Kati ya Tindi na Luvumo palikuwa na daraja la kamba, watu wakipita watakavyo, wakioana na kuzikana. Tena huko Luvumo palikuwa na Ngoma Kuu. Ikilia, kila nchi inapeleka watu wake kulima mashamba ya muungano. Na ngoma hiyo ilikuwa na tabia mbaya, kwani ililia mvua za kwanza zinapoanguka, wakati kila mtu anataka kupanda kwake. Watu wa Tindi wakienda Luvumo kulalamika, wanakaribishwa vizuri, wanalishwa vizuri, kisha wanaambiwa watasema baada ya wakubwa kusema. Wakubwa wakimaliza, jua limezama na kikao kimefungwa.

Basi katika Tindi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Mnyamisi, na mumewe Sekiondo. Walijaliwa watoto wawili. Mkubwa, Mboni, aliolewa ng'ambo, Luvumo, na wakati huo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mdogo, Mhina, hakuwepo tena. Mwaka mmoja Ngoma Kuu ilimwita Sekiondo wakati wa kupanda, akakaa huko mwezi mzima. Mvua ikapita, shamba likabaki tupu, njaa ikaingia nyumbani, na Mhina hakuiweza. Alikuwa na miaka minne. Mnyamisi hakuwahi kupoa moyo, wala mimi simlaumu.

Siku moja Jumbe Semhando, mkuu wa Tindi, mtu mwenye sauti kubwa na maamuzi madogo, akasimama uwanjani akapaza sauti.

"Enyi watu wa Tindi! Maneno yamekuwa mengi. Tubaki kwenye muungano au tutoke? Keshokutwa asubuhi kila mmoja alete punje moja. Anayetaka tubaki atie hindi. Anayetaka tutoke atie harage. Jioni wajumbe wa Luvumo watakuja, tutahesabu mbele yao. Na tukitoka, tunakata kamba ya daraja jioni hiyo hiyo. Aliye huku ni wa huku, aliye kule ni wa kule!"

Watu wakashangilia. Ukiwauliza walishangilia nini, hawajui. Mnyamisi aliposikia habari ya kamba, alirudi kwake mbio.

Nyumbani alimkuta mumewe ameshashika harage. "Tutoke," Sekiondo alisema. "Tutoke, tutoke, tutoke!"

"Na Mboni je, baba Mboni? Kamba ikikatwa, nitamwona wapi mwanangu?"

"Mboni ana mume wa kumtazama. Mhina ana nani?"

Hebu mwambieni nyinyi, angejibu nini? Mnyamisi akatoka nje kutafuta mtu wa kumfumbua macho.

Akamkuta Jogoo juu ya uzio. "Jogoo, hodari wa asubuhi, tubaki au tutoke?"

"Tutoke!" akasema Jogoo. "Jogoo wa Luvumo anawika, ndipo mimi nawika. Nikitangulia naambiwa sina adabu. Kwani jua ni la mama yake?"

"Hapo umesema kweli," akasema Mnyamisi. Akachukua harage, akalifumbata mkononi, akaenda zake.

Akamkuta jirani yake, Chausiku mfinyanzi, anakanda udongo. "Dada Chausiku, tubaki au tutoke?"

"Tubaki, mwenzangu! Tukitoka vyungu vyangu nitampelekea nani? Humu Tindi kila mtu ana chungu, na watu wenyewe ni waangalifu, hawavunji hata kimoja."

"Hapo umesema kweli," akasema Mnyamisi. Akachukua hindi, akalifumbata mkono wa pili, akaenda zake.

Akamkuta Mbuzi amefungwa kwenye kigingi. "Mbuzi, wewe umekaa unatafakari tangu asubuhi. Tubaki au tutoke?"

"Dada yangu," akasema Mbuzi, "tukibaki nitachinjwa kwenye karamu ya kubaki. Tukitoka nitachinjwa kwenye karamu ya kutoka. Nisogezee yale majani."

"Hapo umesema kweli," akasema Mnyamisi, akamsogezea majani. Akarudi nyumbani na punje mbili mikononi na kichwa kinamzunguka.

Siku ya kura ikafika. Chungu kimoja cha Mnyamisi kikawekwa kibarazani kwake, cha kutilia punje, kwa sababu nyumba yake ilikuwa katikati ya nchi kabisa. Walikwisha kupima kwa hatua, wakagombana juu ya hatua za nani, wakapima tena. Chungu kikafunikwa kwa jani la mgomba, mtu akapenyeza mkono chini yake, asionekane anatia nini. Walipita wazee, walipita vijana, walipita wanyama. Jogoo alipewa punje yake akaimeza palepale, ikabidi aandikwe kwamba bado anafikiri. Sekiondo alipita na mkono uliofumbwa, hakumtazama mtu usoni.

Mnyamisi alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya chungu chake mwenyewe, hindi mkono huu, harage mkono ule. Alimwona Mboni na tumbo lake, peke yake huko ng'ambo. Akanyoosha mkono wa hindi. Akamwona Mhina alivyokuwa mwepesi siku za mwisho, na Sekiondo aliyembeba. Akaurudisha. Akaunyoosha tena, akaurudisha tena. Mara ya tatu, hata yeye hakujua mkono gani uliotangulia, lakini kilichoanguka ndani kilikuwa harage. Alisikia lilivyogonga, akalia kwa uchungu.

Jumbe akalikaza jani kwa kamba. "Mama Mboni, tulindie mpaka jioni." Watu wakaenda mashambani.

Jua lilikuwa bado changa alipomsikia mtu anahema njiani. Alikuwa Mboni. Ameshika kiuno, jasho linamtiririka, kanga imemlegea.

"Mama, uchungu umeanza," akasema.

"Umevukaje darajani peke yako na hali hiyo?"

"Mume wangu alinisindikiza mpaka katikati, akamrudia mama yake anayeumwa. Sasa ningezalia wapi, mama? Uzazi wa kwanza huwa kwa mama. Nyinyi mmenifundisha wenyewe." Akaketi kwenye mkeka. "Mama, njaa. Tangu jana sijatia kitu mdomoni."

Sasa sikilizeni vizuri, msije mkasema sikuwaambia. Katika nchi zote tatu palikuwa na mila moja ambayo hata Jumbe hakuthubutu kuivunja. Mwanamke mwenye uchungu akitaja njaa, chungu chenye chakula kilicho karibu naye ndicho kinachoinjikwa motoni. Haiulizwi ni cha nani. Haiulizwi kimewekewa nani. Haiulizwi kesho italiwa nini.

Mnyamisi akatazama ndani ya nyumba. Ghala lilikuwa tupu, kwa maana mwaka huo nao Ngoma Kuu ilikuwa imelia mapema. Vyungu vyote vilikuwa vimefunikwa kifudifudi. Akatazama kibarazani.

"Mama, njaa," akasema Mboni mara ya pili.

"Ngoja, mwanangu."

"Mama, njaa," akasema mara ya tatu, akauma kanga.

Mnyamisi akakata ile kamba ya jani. Akachota maji, akamimina juu ya kura za nchi nzima, akainjika. Mwenyewe hakujua kama anaokoa mtoto au anaiba nchi. Moto ukashika, mahindi na maharage yakachemka pamoja, yakapanda, yakashuka, yakageuzana, na kufikia adhuhuri yalikuwa makande, tena mazuri, yamekosa chumvi tu. Palipatikana bakuli moja. Mboni alikula yote, akakomba na mchuzi. Aliwala walioshangilia na walionuna, akamla Jumbe, akamla baba yake na mama yake.

Jioni Tindi nzima ikajaa uwanjani. Wajumbe wa Luvumo walikuwa wawili, na mkubwa wao aliitwa Mbelwa. Jumbe Semhando alishika panga la kukatia kamba, huku amejikohoza tayari kwa hotuba. Akainama juu ya chungu.

"Kura ziko wapi?"

"Zimeliwa," akasema Mnyamisi.

"Zimeliwa na nani?"

Kutoka ndani kikasikika kilio cha mtoto mchanga. Akina mama wakapiga vigelegele kabla hawajakumbuka kwamba wamekasirika. Mnyamisi akawaeleza, na kila aliyefungua mdomo kumlaumu aliikumbuka mila, akaufunga. Jumbe alimtazama Mbelwa, Mbelwa akatazama miguu yake. Mila ilikuwa ya Luvumo pia.

"Basi kila mtu aseme alitia nini!" akapiga kelele Jumbe.

Ikawa vurugu. Walihesabu mara ya kwanza, kura zikazidi watu. Wakahesabu mara ya pili, watu wakazidi kura. Mara ya tatu walipotaka kuanza, ikagunduliwa kwamba waliopiga kelele za kutoka wengine walitia mahindi, na waliolilia kubaki wengine walitia maharage, na sasa kila mmoja anataka kubadilisha kwa kuwa amemsikia mwenziwe. Punda alisema hakumbuki. Chausiku mfinyanzi alisema alitia harage kwa hasira tu, baada ya mumewe kumwambia atie hindi.

"Sekiondo!" akaita Jumbe. "Wewe angalau tunakujua. Wewe ni harage."

"Nilitia hindi," akasema Sekiondo.

Watu wakaguna. Mnyamisi akamgeukia. "Wewe? Wewe uliyenipigia kelele nyumba nzima?"

"Nilifika pale, mama Mboni, nikakuona utakavyokuwa unakaa mtoni unatazama ng'ambo kila siku. Mkono ukakataa. Na wewe?"

"Harage," akasema Mnyamisi. "Nilikuona wewe ukimbeba Mhina."

Hapo hapakuwa na aliyehesabu tena. Walisimama wawili hao katikati ya watu, kila mmoja ameacha alichokitaka kwa ajili ya mwenziwe.

Mbelwa, mjumbe wa Luvumo, akasogea. "Samahani, mama. Mhina ni nani?"

"Ni mwanangu. Alikufa kwa njaa, mwaka mlipomchukua baba yake wakati wa kupanda."

"Sisi hatukuambiwa," akasema Mbelwa.

"Hamkutuuliza. Miaka sita tunakuja kwenu, mnatulisha, mnatushindilia minofu, jua linazama. Hata siku moja hamkutuuliza."

Mjumbe mwenziwe akamvuta Mbelwa nguo, akamnong'oneza kwamba jua linakuchwa, wapewe jibu wavuke. Lakini jibu halikuwepo. Jumbe aliyekuwa na sauti kubwa alisema taratibu kabisa, "Waambieni kwamba hatujui." Panga liko mkononi bado, hajui alipeleke wapi.

"Siwezi kurudi na jibu la hatujui," akasema Mbelwa. Akavua viatu vyake, akaketi chini, kwenye vumbi la Tindi, mbele ya Mnyamisi. "Mama, nisimulie huyo mtoto. Tangu mwanzo."

Mnyamisi hakujua acheke, amtukane, au amfukuze. Alimtazama mtu yule, akalitazama daraja, akamsikia Mboni huko ndani akimbembeleza mwanawe. Kisha naye akaketi. "Alikuwa hapendi uji," akaanza, "ila ukimwimbia, anakunywa." Na jua likazama, na safari hiyo hakuna aliyefunga kikao.

Kamba haikukatwa jioni ile. Na kesho yake? Kesho yake walianza upya kubishana, tubaki, tutoke, tubaki, tutoke, na Jogoo bado anafikiri. Hadithi yangu imeishia hapo walipoketi wale wawili vumbini. Kama yupo kati yenu anayejua Tindi iliamua nini, ainuke aseme, maana na mimi nangoja kusikia.