Faini ya Nasuru Yafika Koboko

Watu wengi hupenda sheria kali, mradi imchome mwenzao. Ikigeuka na kuwaelekea wao, hapo ndipo hukumbuka haki, huruma na hata majina ya malaika. Nasuru, mfanyabiashara wa vitambaa mjini Arua, alikuwa mmoja wao, na alijitafutia balaa kwa mdomo wake mwenyewe.

Mwaka 1989 watu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni walikokimbilia baada ya vita vya 1979, na kila aliyerudi alihitaji nguo. Nasuru aliwakopesha mafundi majora ya vitambaa, nao wakamlipa wakishauza. Biashara ilimnyookea, hata kitambi kikawa kinamtangulia mlangoni. Miongoni mwa wateja wake alikuwamo Mariam Poni, fundi wa Koboko, mwanamke mchapakazi aliyewalea wanawe kwa cherehani moja tu.

Mariam alichukua kitambaa cha sare za shule. Wazazi walichelewa kumlipa, naye akachelewa kumlipa Nasuru. Tumbaku ilipouzwa wazazi walilipa, na Mariam akapanda lori hadi Arua, akamaliza deni lote. Nasuru alizipokea fedha, akazitia kibindoni, kisha akatangaza kwamba bado kuna faini ya kuchelewa. Faini hiyo, ambayo Mariam hakuwahi kuisikia, ilikuwa imenenepa kuliko deni lenyewe. Kama hana, alisema Nasuru, basi atoe cherehani.

Mariam alilia njia nzima. Bila cherehani, wanawe wangekula nini?

Nasuru hakujali. Alilipeleka shauri lake Koboko, mbele ya RC, yaani baraza la wakazi lililoamua kesi ndogo, la mtaa wa Mariam. Mwenyekiti alikuwa Wani, sajini mstaafu ambaye hata akisalimia ungedhani anaamuru gwaride. Watu walifurika, kwani kesi haina kiingilio.

"Mimi nalipa deni yote," alisema Mariam. "Siku nachukua kitambaa, huyu hapana sema faini. Sasa inatoka wapi?"

Wani alimgeukia Nasuru. "Mulipatana?"

"Mwenyekiti, kupatana ya nini?" Nasuru alijibu, akiinyoosha kanzu yake. "Mutu akichelewa iko na makosa. Deni inazaa! Tuweke sheria hapa Koboko: kila mutu anachelewa, alipe na faini juu. Hata kama hapana patana. Hata deni ya zamani!"

"Deni yoyote?"

"Yoyote, Mwenyekiti! Bila huruma!"

Wenye maduka walipiga makofi. Mariam aliinamisha kichwa, akijua mambo yamemwendea kombo.

Ndipo aliposimama mtu mmoja mrefu huko nyuma. Alikuwa Soro, kaka yake Kaltumu, na Kaltumu ndiye mke wa Nasuru. Kwa uchu wa cherehani, bwana huyu alikuwa amesahau kabisa kwamba Koboko ndiko alikooa. Alipomwona shemeji yake, uso ulimsawijika.

"Mwenyekiti, naunga mukono shemeji yangu," Soro alisema kwa upole. "Hii sheria iko muzuri sana. Yeye anachukua dada yetu mbele ya vita ya sabini na tisa. Analeta ng'ombe mbili. Ile nne ingine hatujaona mpaka leo. Sisi tunanyamaza, maana mahari ni ya pole pole. Lakini kama deni inazaa, ile ng'ombe nne imezaa, na watoto yao imezaa. Tena kuko maziwa!"

Baraza zima liliangua kicheko. Mtu mmoja alianza kuhesabu ndama kwa vidole, vikamwishia, akaazima vya jirani yake.

Katika sehemu hizo mahari hulipwa kidogo kidogo hata mtu akapata wajukuu, na mkwe wa kutoza faini ya kuchelewa hajazaliwa. Lakini wakwe wakichoka kungoja, humchukua binti yao mpaka ng'ombe waonekane. Nasuru alilijua hilo fika, na bila Kaltumu hakujua hata chumvi inakaa wapi.

"Shemeji!" alipaza sauti, jasho likimtiririka. "Hiyo hapana haki! Siku ya ndoa nani anasema ng'ombe itazaa? Hatukupatana! Mutu hawezi kuleta faini nyuma, mambo ikiisha!"

Wani alipiga meza kwa kiganja. "Sema tena, na nguvu. Mama Poni asikie."

Nasuru alijifuta jasho kwa upindo wa kanzu. Alikuwa ameshasema yote.

"Basi sikieni," Wani alinguruma. "Nani anataka faini ya kuchelewa, aseme mbele ya mali kutoka dukani, na mununuzi akubali. Na iwe kidogo, ya kuponya hasara, si ya kunyang'anya mutu chombo ya kazi. Hukusema, hupati. Mama Poni, cherehani iko yako. Nasuru, ng'ombe nne inabaki nne."

Mariam alimshukuru Mungu kwa sauti, machozi ya furaha yakimlenga. Nasuru naye alitoka, na Soro akamkimbilia, akamshika mkono wakaenda pamoja kula, kwa maana shemeji ni shemeji. Njiani Nasuru alinung'unika kwamba sheria za Koboko ni za kikatili mno.

"Ni ile uliomba," Soro alimjibu.

Kweli, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.